Mtoto anapewa vidonge vya mnanaha ili asishtuke usiku. Ni dawa au ni sumu?

Mkulima wa Isyonje

Wakuu habari za jioni. Niko Isyonje, njia ya Tukuyu ukitokea Uyole, nalima viazi. Kuna jambo limenikaa kooni, naomba wenye uelewa mnisaidie kabla nyumba yangu haijagawanyika.

Kijana wangu wa pili ana miaka 6. Tangu mwezi uliopita anapiga ukunga usiku. Analala saa mbili na nusu, ikifika saa tano hivi anakaa wima kitandani, macho kayatoa, anatweta kama anakimbizwa na mbwa. Ukimwita hakusikii. Mama yake akimshika anamsukuma kama hamjui. Dakika kumi hivi, kisha anaanguka chini ya blanketi na kukoroma. Asubuhi ukimuuliza, anakushangaa wewe.

Dada yangu amekuja kutoka Dar na kichupa. Ndani kuna vidonge vyeupe, vidogo kama punje za ulezi, vitamu kama peremende. Kanunua kwa mtaalamu wa homeopathia, elfu ishirini. Mtoto ananyonya vitatu asubuhi na vitatu jioni, na mwenyewe anavidai. Kwenye kibandiko pameandikwa Stramonium. Nikaingia Google kutafuta hicho ni kitu gani, na picha iliyofunguka ilinikalisha chini. Ni mnanaha! Ule ule wa nyuma ya zizi langu, maua kama tarumbeta, tunda la miba. Sisi tumekua tunachapwa kwa kuuchezea.

Kibaya zaidi ni mama yangu mzazi, ambaye yuko hapa nyumbani. Aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. "Mmetoa elfu ishirini kwa kitu kilichojaa jalalani?" Jana nimekuta matunda mawili ya mnanaha yako juu ya kichanja cha jikoni, yanakauka kwa moshi. Anasema atachemsha kidogo tu, kijiko kimoja cha chai, atamaliza kazi ambayo mwanawe wa Dar ameishindwa.

Swali langu: kama hivi vidonge ni mnanaha na mtoto hajadhurika wiki mbili sasa, je, mama ana hoja? Na kama mama hana hoja, kwa nini nampa mtoto vidonge?

Fundi Maabara

Mkuu, kabla ya yote shusha hayo matunda kwenye kichanja. Shusha kwanza, ndiyo urudi kusoma.

Homeopathia ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alikunywa gome la mti unaotoa kwinini akiwa mzima, akahisi dalili kama za homa ya malaria. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Sisi tungesema dawa ya moto ni moto. Mnanaha ukiula unaweweseka na kuona vitisho, ndiyo maana mtaalamu wa dada yako kampa mtoto anayeona vitisho.

Lakini hawampi mnanaha wenyewe. Wanachukua majimaji yake, sehemu moja kwenye sehemu mia za maji au pombe, wanatikisa. Hapo ni 1C. Wanachukua sehemu moja ya hiyo, wanaitia tena kwenye mia, 2C. Wanaendelea hivyo. Ukifika hatua ya 11 umeshapita tone moja lililomwagwa katika Ziwa Nyasa lote, kuanzia Matema hadi ncha yake ya kusini kule Malawi (nimepiga hesabu mwenyewe, ziwa lina maji kilomita za ujazo kama 8,400). Ukivuka hatua ya 12, kwa hesabu ya molekuli, hutarajii kukuta hata chembe moja ya mmea. Baada ya hapo wananyunyizia vidonge vya sukari.

Kwa hiyo soma kibandiko vizuri. Mbele ya jina kuna namba gani?

Sista Mstaafu

Baba wa Isyonje, pole na usingizi wa mang'amung'amu. Mimi nimekuwa muuguzi miaka 34, sasa nafuga kuku Mafinga. Hesabu za ziwa sizijui. Mnanaha naujua.

Mwaka 1998 nilikuwa zamu ya usiku kituo cha afya, sitataja wapi. Akaletwa mtoto wa kiume, miaka kama saba, amefungwa kwa khanga mgongoni kwa baba yake maana alikuwa anapigana. Mwili wa moto, uso mwekundu, anaongea na mbuzi ambaye hayupo. Alikuwa anavuta uzi hewani, hivi, kwa vidole viwili, anauzungusha kwenye kidole kingine, taratibu kabisa kama mshonaji. Uzi wenyewe haupo. Sote tukasema malaria imepanda kichwani. Dripu ya kwinini ilikuwa tayari imeshatundikwa.

Kilichonishtua ni kwapa. Nilipoweka kipimajoto, kwapa kavu kama karatasi. Mtoto ana moto vile na hana tone la jasho? Nikamfunua mdomo, ulimi umekauka, umeganda juu. Nikawasha tochi machoni: mboni zimejaa jicho zima, nyeusi, haziogopi mwanga. Tumbo chini ya kitovu limevimba kama mpira, mkojo umejaa na hautoki. Nikamwambia mama yake, mkague mifuko. Kwenye kaptula tukakuta ganda la tunda la miba, limepasuka mapande manne, na mbegu nyeusi zimebaki kwenye mshono.

Tuliweka mpira wa mkojo, tukampooza kwa vitambaa vya maji, tukampa dawa ya kumtuliza, tukakaa naye kwa zamu. Siku ya tatu akamtambua mama yake. Mboni zilichukua karibu wiki kurudi, alikuwa anatembea amejikinga macho kwa kiganja.

Sasa mwambie bibi, kwa heshima, shikamoo yangu imfikie. Kilichomo mle ni atropini na ndugu zake. Hospitali tunaitumia hiyo hiyo. Wewe ni mkulima wa viazi, unawajua wanaopulizia dawa ya wadudu bila kufunika pua. Wakija wametoka mate na jasho, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, tunawachoma atropini na inawakausha. Hapo siyo moto kwa moto, baba. Ni kikavu dhidi ya kilicholowa. Na tunapima: mtoto wa kilo 20 dozi moja haifiki nusu miligramu, unamwangalia kabla ya kuongeza. Mbegu mia za mnanaha zinaweza kubeba miligramu kama 6, na tunda moja lina mbegu mamia. Mmea wa jalalani wenye samadi hauna ukali sawa na wa njiani. Kijiko cha bibi kinapima nini?

Kuhusu mtoto: unavyoeleza, ni kushtuka kwa usingizi mzito. Kunakuja saa ya kwanza hadi ya tatu baada ya kulala, mtoto hakumbuki, na wengi huacha wenyewe wakikua. Usimwamshe kwa nguvu, mlinde asijigonge tu. Homa, uchovu na kukosa usingizi wa kutosha vinachochea. Lakini mpeleke akapimwe malaria, na kama anakakamaa, anajikojolea au inamrudia mara nyingi usiku mmoja, waone kama siyo kifafa. Analala saa ngapi na kuamka saa ngapi?

Tiba Mbadala Daima

Naona watu wamekuja na dharau zao. Homeopathia inafundishwa vyuoni India, na hapa kwetu kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, siyo uchawi. Mwanangu alikuwa anashtuka hivyo hivyo, akapewa Stramonium, baada ya wiki tatu akanyamaza. Mimi siamini maabara, naamini nilichokiona.

Fundi Maabara

Ndugu, Sista amekwambia hapo juu kwamba wengi huacha wenyewe. Ungempa ubuyu wiki tatu ungeusifia ubuyu. Baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizopo na mwaka 2015 likasema halikuona ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia inautibu. Sheria inasajili watoa huduma, haigeuzi sukari kuwa dawa.

Halafu siyo kila kichupa ni sukari tupu, hapo ndipo ninapoogopa. Marekani, Januari 2017, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza kwamba vidonge vya homeopathia vya watoto wanaoota meno vimekutwa na viwango visivyolingana vya belladona, vingine kupita hata kiwango kilichoandikwa. Belladona ni mmea wenye sumu ya ukoo huo huo wa mnanaha. Ikizimuliwa sawasawa haina kitu, ikizimuliwa ovyo ina kitu.

Mkulima, bado nasubiri namba.

Muuza Soya Njombe

Naongezea upande wa shambani maana wengi tunapuuza. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu watano walikufa na karibu 300 wakaugua baada ya kula unga wa lishe wa msaada uliochanganyikana na mbegu za mnanaha. Mbegu zilipita na soya kuanzia shambani. Tangu hapo mimi nikikuta punje nyeusi bapa, zimekunjika kama figo, kwenye soya, gunia zima linarudi kwa mwenyewe. Wananiita mnoko.

Mkulima wa Isyonje

Nimerudi wakuu. Ndaga fijo, Sista, na Fundi pia.

Matunda nimeyashusha. Siyo mawili, ni matatu, moja lilikuwa limeshapasuka na mbegu zimemwagika kwenye ungo wa maharage. Maharage yale tumemwaga shimoni, debe zima. Mke wangu hajalalamika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mama nilimsomea ujumbe wa Sista, neno kwa neno, tumekaa mekoni. Alisikiliza kimya mpaka pale pa kuvuta uzi hewani. Akasema kumbe ndicho alichokuwa nacho mtoto wa jirani yao enzi hizo, yeye akiwa msichana. Walisema amerogwa, kuna bibi mmoja alihamishwa kijiji kwa ajili hiyo. Akanyanyuka akaenda kunawa mikono. Hajaligusia tena.

Sasa namba. Kichupa cha vidonge: 30C. Kwa hiyo, kwa hesabu ya ziwa, nimenunua sukari kwa elfu ishirini, sawa, nimekula hasara kubwa kuliko hiyo kwenye lumbesa. Lakini nilipomuuliza dada, akatoa kwenye mkoba kichupa kingine, cha kahawia, chenye kifuniko cha mpira cha kudondoshea matone. Kasema alipewa cha akiba, endapo vidonge vitachelewa kufanya kazi, matone matano kwenye maji. Kimeandikwa Stramonium na herufi moja tu, Q. Namba hakuna.

Fundi Maabara

Usimpe. Q ndiyo dawa mama, majimaji ya mmea wenyewe kabla hawajaanza kuzimua. Hapo umerudi kwenye kichanja cha jikoni, tofauti ni lebo. Ameshanywa?

Mkulima wa Isyonje

Hajanywa. Kizibo hakijafunguliwa, nimekagua mara tatu. Leo nimeshuka Mbeya mjini na vichupa vyote viwili, nimemkabidhi mfamasia hospitali, akaniandikia na karatasi. Mtoto amepimwa, malaria hakuna, daktari kasema kama Sista. Dada kanuna, karudi Dar na basi la alfajiri bila kuaga vizuri. Nitampigia Jumapili.

Sista uliuliza analala na kuamka saa ngapi. Tangu mwezi uliopita tumemwingiza twisheni kabla ya shule. Anaamka saa kumi na nusu, kwenye baridi hili la Isyonje, anatembea na kaka yake gizani. Nilikuwa sijaunganisha. Twisheni tumeisimamisha.

Sista Mstaafu

Eee. Basi na usiku, kama dakika 15 kabla ya ile saa yake ya kushtuka, mgutushe kidogo, ageuke upande, alale tena. Fanya wiki mbili tatu. Na ile minanaha ya zizini ing'oe sasa, kabla matunda hayajapasuka, vaa glavu, usijifute macho.

Mkulima wa Isyonje

Imeshang'olewa. Nilianza peke yangu, mama akatoka na jembe lake akaniambia naacha mizizi. Tumehesabu mashina 41. Tumeyafukia chini ya mgomba uliokufa, mbali na mbuzi. Jana usiku kijana ameshtuka mara moja, dakika tatu hivi.