Timu ya kikapu ya chuo, mchezo wa kwanza Kigali: siku hiyo ipangwe vipi?

Swali: kocha msaidizi, Dar es Salaam

Wanamichezo wenzangu, habari za kazi. Timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu imealikwa Kigali kucheza na vyuo vya huko, na hakuna hata mchezaji mmoja aliyewahi kucheza nje ya Tanzania. Tutasafiri kwa basi kupitia Rusumo, tufike jioni, na mchezo wa kwanza umepangwa saa 4:00 asubuhi inayofuata. Bajeti ya chuo hairuhusu kuwahi siku kadhaa kabla, kwa hiyo ushauri wa namna hiyo, ingawa naukubali, hautanisaidia. Je, jioni ile niwapeleke uwanjani kwa mazoezi mepesi au niwaache wapumzike? Na je, mtindo wetu wa kukaba uwanja mzima tangu filimbi ya kwanza, ambao hapa pwani ndio unaotupatia ushindi, unafaa huko kwenye mwinuko? Nahofia pia tofauti ya saa isije ikatuchelewesha.

Jibu la 1: mwalimu mstaafu wa michezo, Arusha

Kocha, mazoezi ya jioni yaache. Miguu iliyokunjwa ndani ya basi kwa zaidi ya kilomita 1,300 inahitaji kutembezwa taratibu, kunyooshwa, kisha chakula na usingizi. Hakuna utakachowafundisha usiku huo ambacho hawakujifunza mwezi uliopita.

Kuhusu mwinuko, Kigali ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni takriban asilimia 83 ya ule wa pwani. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni asilimia 21 ileile, lakini kwa kuwa hewa yenyewe ni nyepesi, kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mchezaji wako hatahisi lolote akitembea wala akirusha mitupo huru. Atahisi kwenye mbio za tatu au za nne mfululizo, pale ambapo nyumbani pumzi humrudia kabla mpira haujaingizwa tena uwanjani, na huko haitakuwa imerudi. Sisi wa Arusha tumeziona timu za pwani zikiongoza robo ya kwanza kwa kishindo, kisha katika robo ya pili zinasimama zikishika viuno. Sheria hazina kikomo cha kubadilisha wachezaji, basi itumie nafasi hiyo: mtoe kila mmoja baada ya dakika tatu au nne, hata kama anacheza vizuri, hasa kama anacheza vizuri. Kukaba uwanja mzima kuweke akiba hadi robo ya tatu.

Jibu la 2: mwanafunzi Mtanzania, Kigali

Shikamoo Mwalimu, na karibu sana Kocha. Kuchelewa kwa sababu ya saa msikuhofu, kwani Rwanda ipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Atakayesahau kurekebisha saa yake atafika mapema mno, na hilo nalo lina hasara yake: timu itapasha misuli moto, itapoa, na itaanza kuhisi njaa kabla ya mchezo, kwa sababu saa 4:00 ya hapa kwa matumbo yenu ni saa 5:00. Kifungua kinywa kipangwe kwa kuzingatia hilo.

Jambo ambalo wageni hawalifikirii ni barabara. Magari hapa hupita upande wa kulia, kwa hiyo anayevuka hutazama kwanza kushoto, kinyume cha mazoea ya nyumbani. Msiwaruhusu kutoka hotelini mmoja mmoja asubuhi ile. Mje na masweta, maana usiku kuna baridi kwa mtu wa Dar, na mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku hapa tangu 2008, muiache huko huko.

Jibu la 3: mwamuzi wa kikapu, Mwanza

Naheshimu maoni ya Mwalimu, lakini sikubaliani naye kuhusu kuweka akiba silaha kuu ya timu. Wasichana wageni, wenye woga, wakianza kwa mtindo wasiouzoea watapotea kabisa. Bora wakabe uwanja mzima kwa dakika mbili au tatu za mwanzo, wapate kujiamini, kisha warudi nyuma. Angalizo langu ni faulo tu: kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo moja, wapinzani hupewa mitupo huru miwili, na mtu aliyeishiwa pumzi hukaba kwa mikono.

Mengine ni ya mezani. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, orodha ya wachezaji, wasiozidi 12, hukabidhiwa angalau dakika 40 kabla ya mchezo, na timu isiyoweza kuingiza wachezaji watano dakika 15 baada ya muda uliopangwa hupoteza mchezo kwa 20–0. Bebeni jezi nyeupe na za rangi iliyokoza, zote mbili, hata kama mmeambiwa moja inatosha.

Kocha msaidizi

Ahsanteni sana. Nitafuata njia ya mwamuzi kwa dakika tatu za mwanzo, kisha nitaingiza watano wengine kwa mpigo, na nitaomba muda mmoja, yaani kusimamisha mchezo kidogo ili nizungumze na timu, mapema ndani ya robo ya kwanza, kwa kuwa ninao miwili kabla ya mapumziko. Jezi za rangi iliyokoza bado hatuna. Kesho ninaonana na mshauri wa wanafunzi kuhusu hilo.