Grupu la Familia ya Ndahani: wikiendi ya boti Mtera

IJUMAA, 11 OKTOBA

18:12 Da Mage: Jioni njema wapendwa, naomba tuelewane mapema ili kesho tusianze kutafutana, tunatoka Area D saa kumi na moja kamili alfajiri, sio saa kumi na moja ya Yona, tukichelewa tunafika Mtera upepo wa mchana umeshaamka na mnajua Baba alikuwa anasemaje kuhusu ule upepo.

18:14 Da Mage: Waliojibu ni Rehema na shemeji tu. Wengine mnasoma mnanyamaza nawaona.

18:40 Da Mage: Kingine cha muhimu sana. Jaketi za kuelea zipo 7. Sisi tupo 11. Nani ana jaketi au anajua mtu wa kutuazima?

18:41 Eliya: Mi nipo kwenye treni hapa nimeshapita Morogoro, jamani SGR unaweka soda mezani hata haitikisiki

18:43 Shem Kalinga: Mgogo kapanda treni ya umeme, akishuka Dodoma atatusalimia kwa Kizungu

18:43 Eliya: Mbukwenyi shemeji 😂😂

18:44 Mama Joy: 😂😂😂

18:45 Shem Kalinga: Ukifika usisahau kushuka tu

18:50 Da Mage: Jaketi.

19:05 Mama Joy: Wifi mchele nimeshachambua, pilau napika usiku huu. Nabeba ile hotpoti yangu kubwa ya maua ila safari hii naomba irudi, ile ya Pasaka mpaka leo sijaiona

21:30 Yona: Trela nimeshafunga kwenye piki-apu. Petroli dumu la lita 20 tayari na oili nimeweka. Kila kitu freshi

21:31 Da Mage: Oili kiasi gani?

21:50 Yona: Kama siku zote

21:51 Da Mage: Siku zote ndo kiasi gani Yona? Baba alikuwa anapima mililita 400 kwa dumu la 20, moja kwa hamsini, na kikombe chake cha plastiki kipo stoo kina mstari.

23:10 Shem Kalinga: Nimepita kwa Yona kuacha magodoro, lile dumu la kibarazani nimeona halina oili nimeshalimiminia. Lalani kwa amani

JUMAMOSI, 12 OKTOBA

05:42 Da Mage: Saa kumi na mbili kasoro. Yona uko wapi?

05:43 Da Mage: Yona

06:20 Mama Joy: Tunatoka wifi, mtoto alikuwa anatafuta kiatu

08:05 Da Mage: Sisi tumefika Chipogolo tunakunywa chai. Nyie mpo wapi?

08:31 Joy: Shangazi tumepata pancha, tairi la trela, tumevuka Mlowa kidogo tu

08:32 Da Mage: Spea si ipo?

08:36 Joy: Ipo na yenyewe haina upepo

08:36 Joy: Halafu spana ya gari haiingii kwenye nati za trela, baba anaongea na watu wa bodaboda

08:38 Eliya: Mi nimekaa ndani ya boti hapa pembeni ya barabara, magari ya Iringa yanatupigia honi, kuna konda kauliza nauli ya kwenda Zanzibar

08:39 Shem Kalinga: 😂😂😂 mwambie inaondoka ikijaa

08:41 Da Mage: Eliya shuka kwenye boti, trela imeegemea jeki. Na kuhusu jaketi bado sijajibiwa na mtu.

09:55 Joy: Tairi limerudi kutoka Mlowa, kijana wa bodaboda alikuwa kalivaa mabegani kama skafu. Tunakuja

11:48 Rehema: Samahani nimeona sasa hivi. Jaketi ninayo moja ya mtoto

11:49 Da Mage: Rehema, si tumekaa wote hapa ufukweni, mbona hukuniambia kwa mdomo?

11:49 Rehema: Ipo nyumbani

12:40 Da Mage: Naandika hapa ili kila mtu aone kwa sababu nikisema kwa sauti hamsikii. Wanaenda watu 7 kwa mkupuo. Saba. Wengine wanasubiri na mimi chini ya mgunga.

13:02 Joy: 📷 Picha

13:02 Joy: Tumeondokaaa, moshi kama lori la mkaa

13:03 Da Mage: Nahesabu vichwa 8.

13:03 Da Mage: Yona hujavaa jaketi na umempakata mtoto. Rudi.

13:04 Da Mage: YONA

13:11 Joy: Shangazi kuna maji miguuni

13:11 Joy: Yanaongezeka, mandazi yanaelea

13:12 Da Mage: Kizibo! Kile kizibo cha nyuma mmefunga?

13:14 Joy: Baba anasema kipo mfukoni kwake

13:15 Da Mage: Mungu wangu. Afunge, halafu kumbeni maji kwa kopo, kwa hotpoti, kwa chochote, na msisimame wote upande mmoja.

13:16 Mama Joy: Sio kwa hotpoti jamani

13:29 Joy: Maji yameisha, tumekumba kwa hotpoti. Mashine imezima, Anko Eliya anavuta kamba ile ya kuwashia mpaka mkono umevimba

13:33 Shem Kalinga: Fungueni plagi zitakuwa zimelowa oili, zipigeni brashi, zifuteni na petroli kidogo halafu mrudishe. Huo moshi ni wa oili nyingi

13:34 Da Mage: Oili nyingi imetoka wapi?

13:52 Shem Kalinga: Kwani Yona aliweka na yeye?

13:53 Da Mage: Shemeji aliandika hapa jana saa tano usiku. Alikuwa anamwandikia nani?

14:20 Joy: Imewaka!!

14:41 Joy: Tumegonga kitu. Sasa mashine inaunguruma tu boti haiendi

14:44 Shem Kalinga: Kisiki hicho. Ile raba ya ndani ya panga imeachia, ekseli inazunguka panga halizunguki. Ukiweka spidi ndogo kabisa inaweza kusogea, ukikanyaga inateleza. Oktoba maji yameshuka, Mtera ndo tangi la mitambo ya umeme ya Kidatu, kiangazi chote yanafunguliwa yanateremka kule, kwa hiyo miti ambayo Aprili iko chini kabisa sasa hivi iko kiunoni

14:45 Da Mage: Shemeji asante ila kule kuna mtoto na upepo umeshaanza. Nimeongea na wavuvi, kuna mzee mmoja ana mtumbwi wa mashine anatoka kuwafuata. Kaeni chini wote, msijaribu kupiga makasia kwenye visiki. Yona mvalishe mtoto jaketi yako.

14:46 Da Mage: Huna jaketi. Nimesahau kwamba huna.

15:37 Joy: Tumefika nchi kavu. Mzee amekataa hela kachukua mandazi makavu yaliyobaki

15:40 Eliya: Viboko wametuangalia njia nzima kama wanasubiri tushuke. Na hakuna Mhehe hata mmoja aliyekuja kutuokoa shemeji

15:41 Shem Kalinga: Sisi tulikuwa ng'ambo ya ukuta Migoli tunawachomea perege

15:41 Mama Joy: 😂😂

15:58 Da Mage: Namshukuru Mungu mmefika. Nacheka baadaye.

JUMAPILI, 13 OKTOBA

19:20 Da Mage: Tumerudi salama wote. Naomba sasa tuongee vizuri. Nimekaa na kile kizibo mkononi tangu jana. Ni kitu kidogo, kishaba na raba, hakizidi kidole gumba. Baba alikuwa amekifunga kwa kamba ya bluu kwenye kile kibanio chekundu cha kuzimia mashine, kusudi usiweze kuwasha kabla hujakishika kizibo kwanza, kwa sababu bila kibanio mashine haiwaki. Miaka yote hatukuingiza maji. Jana kibanio kilikuwa kwenye mashine na kizibo kilikuwa mfukoni. Kamba nani kaikata?

19:48 Eliya: 👀

20:30 Yona: Mimi. Ilikuwa inanasa kwenye usukani

20:31 Da Mage: Ungeuliza.

20:33 Yona: Nimuulize nani? Boti inakaa kwangu, trela nimenunua mimi, tairi jana nimelipa mimi, nyie mnaijua boti siku ya kwenda kupigia picha

20:35 Da Mage: Inakaa kwako kwa sababu uliifunga kwenye gari siku ya arobaini, watu hawajamaliza kunawa mikono wewe umeshafungua geti. Hakuna aliyekupa.

20:36 Yona: Sawa. Na mizabibu ya Hombolo nani aliwapa walioipata? Tuongee na hiyo basi kama tunaongea

20:37 Rehema: Jamani

20:39 Mama Joy: Ujumbe huu umefutwa

20:41 Da Mage: Nimeusoma wifi kabla hujafuta.

20:44 Eliya: Tusirudi huko. Tuongelee panga

20:52 Mama Joy: Mimi naulizia hotpoti tu

JUMATATU, 14 OKTOBA

07:15 Bahati: Shikamooni. Nipo Mvumi na Babu, jana nilimwonyesha picha za boti, hakulala vizuri. Ameniambia niandike kama anavyosema nisipunguze neno.

07:22 Bahati: "Watoto wangu. Nimeona picha. Yona hana jaketi na amempakata mtoto. Mwaka 1978 nilikuwa kibarua kwenye ule ukuta wa Mtera, nimebeba mawe yake. Kule mnakoelea kulikuwa nchi kavu, tulikuwa tunapita na mbuzi. Miti mingi haikukatwa, maji yaliikuta imesimama na mpaka leo imesimama. Hicho kisiki mlichogonga huenda nimewahi kukaa kivulini mwake. Mdogo wangu, baba yenu, nimemzika, kaburi lake nalijua. Yohana sikumzika. Mnajua. Kile kizibo baba yenu alianza kukifunga na kamba baada ya Yohana, hakuwaambia kwa sababu hakupenda kulitaja. Boti isiguse maji tena mpaka jaketi zifike kumi na moja. Yona, shika maneno yangu. Mage, punguza ukali kwa mdogo wako, amekua bila kaka. Ya Hombolo nitayasema mkiwa mmekaa mbele yangu, siyasemi kwenye simu ya mtoto."

07:23 Bahati: Ndo hivyo.

07:58 Rehema: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia

08:01 Eliya: Shikamoo Baba Mkubwa, tumepokea

08:10 Shem Kalinga: Shikamoo Mzee. Na mimi nakosa, lile dumu ningepiga simu kwanza

08:45 Da Mage: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia na la kwangu. Kwamba kamba ilikuwa ya Yohana mimi sikujua, nilidhani ni uangalifu wake tu Baba.

10:20 Da Mage: Haya. Ili neno la Baba Mkubwa lisiishie hapa napendekeza hivi, kila nyumba itoe 40,000, tununue jaketi 4 na tutengeneze panga, Eliya akirudi Dar apite Kariakoo aulize ile raba inauzwa peke yake au mpaka panga zima. Hela atunze Rehema, sio mimi, ili mtu asiseme. Nataka Desemba mvua zikianza kushika twende tena wote, na Baba Mkubwa aje akae ufukweni atuonyeshe kule walikokuwa wanapita na mbuzi. Kwa kweli nataka sana hilo. Jumatano saa kumi na moja jioni tukutane kwa Yona tuiangalie boti.

10:24 Shem Kalinga: 40 yangu na ya Rehema nimemtumia

10:25 Rehema: Bado haijaingia

10:26 Shem Kalinga: Mtandao

11:02 Eliya: Kariakoo nitapita. Nipeni namba iliyoandikwa ubavuni mwa mashine, bila hiyo watanipa panga la mashine nyingine

11:03 Da Mage: Yona tuma picha ya hiyo namba.

13:30 Mama Joy: Wifi Jumatano mimi nina kikao cha vikoba, labda Alhamisi

13:31 Da Mage: Alhamisi Eliya ameshaondoka.

13:40 Shem Kalinga: Mkinunua jaketi msinunue zile za kujaza kwa mdomo, Wagogo mtabishana nani apulize

13:41 Eliya: 😂😂 shemeji wewe yako tutakununulia ya mbwa

14:15 Da Mage: Jamani namba ya mashine.

18:05 Da Mage: Mpaka sasa ametoa Rehema, yaani shemeji, na mimi. Nyumba mbili. Yona sijakusikia tangu jana na sikuulizi kwa ugomvi.

22:47 Yona: 📷 Picha

22:48 Yona: Namba hiyo hapo. Kizibo nilichukua kwako mezani mchana nilipokuja kumwacha Joy, nimeshakifunga tena kwenye kibanio. Kamba nyeupe lakini, ya bluu niliitupa

22:50 Da Mage: Nimeona. Umefunga fundo kama lake.

22:51 Da Mage: Sasa Jumatano au Alhamisi?

23:20 Da Mage: Yona?

23:34 Rehema: Imeingia 30, shemeji yenu kakosea au kapunguza sijui