Swichi mpya Mji Mkongwe: VLAN nimetenga lakini wageni hawapati IP, na umeme ukikatika kazi yote inafutika

fundi_shangani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nna mtihani hapa naomba mnisaidie, mwenye nyumba kesho kutwa anapokea wageni na kazi hii leo siku ya tatu niko nayo.

Ni nyumba ya wageni Mji Mkongwe, ghorofa tatu, nyumba ya kale ya mawe na chokaa, dari za boriti, ukuta unene wake karibu nusu mita kwahivyo waifai ya mapokezi haifiki hata kwenye ngazi. Walikuwa na rauta moja chini na viswichi vitatu vidogo vya kuchomeka tu, wageni, kompyuta ya mapokezi na kamera wote wamo mtandao mmoja. Sasa mwezi uliopita mgeni mmoja akamuonesha mwenye nyumba kwenye simu yake picha ya kamera ya ukumbini, hivi hivi mubashara, mzee wa watu tokea siku ile hana usingizi, ndo akaniita.

Nimeweka swichi ya poti 24 ya kusetiwa, ina PoE, yaani inapeleka umeme kwenye waya huo huo wa mtandao. Rauta ni MikroTik. Nikafanya VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja: 10 ofisi, 20 wageni, 30 kamera. Poti 1 inakwenda kwenye ether2 ya rauta, poti 2, 3 na 4 zina akses pointi (vifaa vya kurushia waifai) za kila ghorofa, 5 mpaka 8 kompyuta, 9 mpaka 16 kamera. Kwenye rauta nikaziunda VLAN zote tatu juu ya ether2, kila moja na DHCP yake ya kugawa IP.

Matokeo yake kompyuta ya mapokezi inapata 192.168.88 kama zamani, 10 haiitaki kabisa. Simu zikiunga waifai ya wageni zinazunguka tu kutafuta IP mpaka zinakata, laptopu yangu inajipa 169.254, anwani ya kujibunia yenyewe ikikosa DHCP. Halafu jana nikabadilisha kitu kwenye poti ile ile niliyochomeka laptopu, swichi ikanipotea, kwenye brauza haifunguki tena. Sijakaa sawa umeme ukakatika, uliporudi swichi naifungua tena lakini imesahau kila kitu, kazi ya saa tano!! Naomba kujua swichi mbovu hii niirudishe dukani au mie ndo nakosea?

kijana_mchangani

Uliseti halafu ukasevu? Kubonyeza kitufe cha kukubali kwenye kila ukurasa sio kusevu.

fundi_shangani

Nilibonyeza kukubali kila ukurasa. Kumbe kuna kusevu kwengine?

bi_patchpaneli

Wa alaykum salaam kaka. Swichi nzima hiyo usiirudishe. Una makosa matatu na yote wengi wetu tumeyapitia, ntakueleza moja moja.

Kwanza hilo la kusevu. Swichi za kusetiwa nyingi zina seti mbili, moja inafanya kazi sasa hivi kwenye memori inayofutika umeme ukiondoka, na moja imehifadhiwa ndani, ndiyo inayosomwa swichi ikiwaka. Ukibonyeza kukubali unabadilisha ile ya kwanza tu. Tafuta kwenye menyu pameandikwa Save, mara nyingi juu kabisa ya ukurasa, na kama ni Cisco kwa konsoli ni copy running-config startup-config. Lakini sikiza, jambo hilo hilo lililokuumiza ndo litakuokoa: usisevu kila hatua. Fanya badiliko, jaribu, likiwa sawa ndo usevu. Ukijifungia nje kama jana, chomoa umeme wa swichi uurudishe, inarejea pale ulipokuwa salama mara ya mwisho. Na poti ya 24 iache VLAN 1, ile ya kiwandani, usiiguse abadan, hiyo ndo poti yako ya kuingilia, chomeka laptopu hapo na si pengine. Jana ulikata tawi ulilokalia, uliihamisha poti ya laptopu yako kwenye VLAN ambayo swichi yenyewe haina anwani.

Pili, kompyuta ya mapokezi kupata 88. Hapo umesahau PVID, nakuhakikishia. Ile jadweli ya VLAN inasema data ikiTOKA kwenye poti itoke na tagi (lebo ya namba ya VLAN) au bila tagi. PVID inasema data ikiINGIA bila tagi iwekwe VLAN ipi. Chukulia bandarini Malindi, mzigo umeshushwa hauna lebo, karani anaupeleka ghala aliloambiwa na hakuulizi. Kompyuta haiweki tagi, PVID yako imebaki 1, basi kila inachotuma kinakwenda VLAN 1 na DHCP ya 88 inaijibu. Kwahivyo poti 5 mpaka 8: VLAN 10 bila tagi, PVID 10, na uzitoe VLAN 1. Poti 9 mpaka 16 vivyo hivyo kwa 30. Poti 2, 3, 4 za akses pointi: VLAN 1 bila tagi ili uweze kuziseti, 10 na 20 ziwe na tagi, na ndani ya akses pointi jina la waifai ya wageni ulipe namba 20. Poti 1 ya rauta: 1 bila tagi, 10, 20 na 30 zote na tagi. Ukisahau tagi ya 20 poti 1 wageni hawapati kitu hata ufanye nini.

Tatu ni rauta, na hapa ndo naona wageni wako walipokwama. Kama hukuifuta seti yake ya kiwandani, ether2 imo ndani ya briji, yaani imeunganishwa pamoja na poti nyengine zikawa kama swichi moja. Poti ikishaingia kwenye briji, VLAN ukiiweka juu yake haifanyi kazi sawa, weka juu ya briji. Hamisha zote tatu ziwe juu ya briji, DHCP zibaki kama zilivyo.

Na swichi ipe IP isiyobadilika, 192.168.88.2 kwa mfano, DHCP ya MikroTik inaanzia 88.10 kwahivyo hazigongani. Nenda ukajaribu uje utuambie.

mtu_wa_wete

Dada kasema yote, mie naongeza la huku kwetu Pemba. Nilifunga swichi skuli moja, maabara ya kompyuta na ofisi ya walimu, ikafanya kazi wiki mbili, halafu asubuhi moja napigiwa simu mtandao mzima umekufa. Nafika naangalia swichi taa zote zinawaka na kuzima kwa pamoja, kasi moja, kama zinapigwa ngoma. Ukiona taa namna ile usitafute chengine, ni lupu. Kuna mtu alisafisha chumba akakuta waya umelala chini ncha moja imechomoka, akaichomeka tundu la ukutani lililo jirani akidhani anasaidia, kumbe ncha zote mbili sasa zimo ukutani. Data ya kutangaza ikaingia ikawa inazunguka na kuzaana mpaka swichi ikalemewa. Nilikuwa sijawasha RSTP, kinga ya swichi ya kuzuia lupu, nilidhani ni mambo ya mitandao mikubwa. Nikaiwasha siku ile ile, nikauchomeka ule waya tena makusudi mbele ya mwalimu mkuu, swichi ikaifunga poti moja yenyewe na mtandao haukutikisika.

Kwahivyo fundi washa RSTP kabla hujakabidhi nyumba, hasa kama vile viswichi vidogo vya zamani bado vimejificha nyuma ya makabati. Na poti za kompyuta ziweke kama poti za mwisho, kwenye menyu wanaandika Edge, la sivyo swichi inaweza kuisubirisha poti sekunde 30 kabla ya kuifungua, kompyuta inakuwa ishakata tamaa kutafuta IP.

Na jengine, waya. Waya mwingi unaouzwa kwa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu, ndani ukiwa mweupe si shaba. Kwenye PoE unapoteza umeme njiani na kwa chumvi ya hewa yetu unaoza upesi. Nishafungua plagi iliyokaa mwaka mmoja nyumba ya ufukweni, vile vimeno vya dhahabu vyote vimeota ukijani.

fundi_shangani

Wallahi Mungu awalipe. Nimerejea. PVID ndiyo, nimeseti 10 tu mapokezi wakapata 192.168.10 hapo hapo. VLAN nimezihamisha juu ya briji, simu za wageni zinapata 192.168.20 ghorofa zote tatu. RSTP nimeiwasha. Nimesevu, nimechomoa umeme makusudi mara mbili, vitu vyote vipo.

Lakini sasa nina mawili. Simu ina IP lakini hakuna ukurasa unaofunguka, na nikipingi 8.8.8.8, anwani ya Google huko intaneti, inajibu vizuri tu! La pili ndo limenikata maini, nimeunga waifai ya wageni nikaandika anwani ya kamera ya ukumbini, 192.168.30.11, ikafunguka. Sasa nimetenga nini?

kijana_mchangani

Hilo la kupingi kujibu na kurasa kugoma ni DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP.

bi_patchpaneli

Ni DNS kweli, na mawili hayo yanatoka mlango mmoja, fayawoli ya rauta.

Swichi imezitenga VLAN, kazi yake imemaliza. Lakini VLAN zote tatu zinakutana kwenye rauta, na kazi ya rauta ni kupitisha data kutoka mtandao mmoja kwenda mwengine, usipoikataza inapitisha. Ongeza sheria upande wa forward, yaani data inayopita ndani ya rauta: inayoingia kutoka vlan20 na kwenda kwengine kokote kusikokuwa WAN (upande wa intaneti), iangushwe. Mgeni atabaki na intaneti tu. Ukishaweka funga ile kurasa ya kamera uifungue upya, maana muunganisho ulioanza zamani unaendelea kuruhusiwa mpaka ukatike.

DNS: fayawoli ya kiwandani ya MikroTik inakataa chochote kinachoongea na rauta yenyewe kama hakitoki kwenye orodha ya LAN (mitandao ya ndani), na VLAN zako mpya hazimo kwenye orodha. Vlan10 iingize kwenye LAN, hao ni watu wako. Lakini vlan20 USIIINGIZE, watu wengi ndo wanafanya hivyo, inafanya kazi lakini umempa kila mgeni nafasi ya kugonga mlango wa kuingilia rauta. Wewe weka sheria upande wa input, yaani data inayoongea na rauta yenyewe, kutoka vlan20, poti namba 53 ya DNS (si tundu la swichi), UDP na TCP, iruhusiwe, na uivute iwe JUU ya ile sheria ya kuangusha. Sheria zinasomwa kutoka juu kwenda chini, ikiwa chini haitosomwa.

Kamera ziache bila intaneti kabisa, mwenye nyumba ataziangalia kupitia ofisi.

mtu_wa_wete

Na pasiwedi ya swichi umebadilisha? Ile ya kiwandani iko kwenye karatasi ya boksi na boksi nadhani bado lipo hapo mapokezi.

fundi_shangani

Nimebadilisha sasa hivi uliponiuliza. Ya rauta pia.

Kurasa zinafunguka. Mzee nimempa simu yake mkononi akiwa kwenye waifai ya wageni nikamwambia andika mwenyewe anwani ya kamera, kaandika, kasubiri, ikazunguka mpaka ikasema haifikiki. Kaandika tena mara ya pili. Kisha kaenda kukaa kwenye kompyuta ya mapokezi akaiona picha ya ukumbini na mimi mwenyewe nimo ndani yake nimesimama na ngazi. Kanishika mkono hakusema kitu.

Namba za poti zote nimeziandika kwenye karatasi nimebandika ndani ya mlango wa kabati, na faili la seti nimelipakua kwenye flashi nimempa yeye ahifadhi. Kilichobaki ni UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, dada unanishauri ya ukubwa gani kwa swichi hii yenye akses pointi 3 na kamera 8?

bi_patchpaneli

Ingia ukurasa wa PoE wa swichi, utaona jumla ya wati inazotoa sasa hivi. Usiku kamera zikiwasha taa zao za giza itapanda, isome saa mbili usiku. Jumlisha na swichi yenyewe na rauta halafu uje na hiyo namba.