Mrejesho: kula vyakula vibichi bila kuchoka, hapa Dodoma

Wadau, niliuliza namna ya kula vyakula vibichi bila kurudia kachumbari kila mlo. Asanteni sana, ushauri wenu umefanya kazi.

Kilicholeta tofauti kubwa ni choroko zilizooteshwa. Lowekeni kikombe 1 kwa saa 8 hadi 12, mwageni maji, funikeni kwa kitambaa chepesi, kisha suuzeni kwa maji salama asubuhi na jioni. Siku ya 2 au ya 3 mikia imetoka. Kwa joto letu maji yakituama huchacha, kwa hiyo inamisheni chombo yachuruzike. Zikinuka, tupeni zote. Maharage mekundu msijaribu kabisa: mabichi yana sumu, lazima yachemshwe.

Rojo la kumwagia: ufuta uliosagwa vijiko 3, unga wa ubuyu kijiko 1, ndimu nusu, chumvi, maji kidogo kidogo. Ubuyu huendelea kuwa mzito, subirini dakika 5 kabla ya kuongeza maji. Juu ya kabichi nyembamba, karoti na zabibu zetu zilizopasuliwa, ni tamu mno!

Mkiongeza karanga, zenye ukungu au zilizosinyaa tupeni. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuosha.