Kigari cha gofu cha umeme hakivuti mlimani: nianze kurekebisha wapi kwenye kontrola?

Mtunza Viwanja

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kuhusu kigari cha gofu cha volti 48, chenye betri sita za asidi za volti 8 kila moja. Mota yake ni ya aina ile ambayo koili za sumaku hupewa umeme wake peke yake na kontrola, na ambayo hurudisha chaji kidogo kwenye betri wakati gari linateremka. Kigari kilikuwa cha watu wawili, kikaongezewa kiti cha nyuma kinachotazama nyuma, na matairi ya awali ya inchi 18 yakaondolewa yakawekwa ya inchi 22.

Kwenye tambarare kinakimbia vizuri, hata kuliko zamani. Shida huonekana kinapoondoka kikiwa na watu wanne, kwani hujikokota, na kikifika mlimani huishiwa nguvu kabisa. Kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, inaweza kuunganishwa na kompyuta, na ndani yake nimeona sehemu za kurekebisha kikomo cha ampea, muda wa kuchapuka, mwendo wa juu na mwitikio wa pedali. Naomba kueleweshwa ni ipi inayohusika na kupanda mlima, ni ipi inayohusika na wepesi wa kuondoka, na kama kuna hatari ya kuzipandisha zote hadi mwisho.

Fundi wa Mota

Ndugu Mtunza Viwanja, umefanya vyema kutenganisha mambo hayo mawili, kwa sababu watu wengi huyachanganya kisha wakashangaa kwamba wamerekebisha na gari bado halivuti.

Nguvu ya kuzungusha magurudumu hutokana na ampea zinazopita kwenye mota, ilhali mwendo wa juu hutegemea zaidi volti. Kwa hiyo sehemu inayohusu mlima ni kikomo cha ampea. Muda wa kuchapuka hauongezi nguvu yoyote: unaamua tu kontrola ichukue sekunde ngapi kutoka sifuri hadi kiwango ambacho mguu wako umeomba. Ukiufupisha, gari litajibu haraka, lakini likifika mlimani litakuwa na nguvu ile ile ya jana. Mwitikio wa pedali nao hugawa tu nguvu iliyopo: ukiuinua, nusu ya kukanyaga inatoa zaidi ya nusu ya nguvu, na ukiushusha, mwanzo wa pedali unakuwa laini.

Jambo ambalo umelitaja kwa kupita, na ambalo naamini lina sehemu kubwa ya jibu, ni matairi. Kutoka inchi 18 hadi 22 ni sawa na kubadilisha gia. Kila mzunguko wa mota unakusogeza mbali zaidi, ndiyo maana tambarare imekuwa tamu, lakini nguvu ya kusukuma inayofika ardhini imepungua kwa takriban asilimia 18. Ili kuirudisha kama ilivyokuwa, mota inapaswa kutoa nguvu ya kuzungusha iliyo kubwa kwa karibu asilimia 22, na hapo hatujahesabu uzito wa kiti na abiria wawili.

Kuhusu hatari, joto kwenye mota na nyaya hupanda kwa mraba wa ampea. Ukitoka ampea 250 kwenda 350, joto katika nyaya zile zile linakaribia kuwa maradufu. Mota hustahimili hali hiyo kwa muda mfupi wa kuondoka, lakini katika mlima mrefu huanza kuchoma vanishi ya koili na brashi za kaboni.

Mpenda Mwendo

Mimi ningeongeza betri moja ya volti 8 ili zifike 56, kisha nipandishe kila kitu hadi mwisho. Mwendo utaongezeka na shida itaisha.

Fundi wa Mota

Ndugu Mpenda Mwendo, kwa heshima zote, hapo utaongeza mwendo ambao mwenzetu hajauomba. Kontrola ya volti 48 ina kikomo cha volti za juu, na betri saba zilizojaa hukaribia volti 60 hata kabla ya mteremko kurudisha umeme. Chaja ya volti 48 nayo haitazijaza sawasawa. Zaidi ya hayo, vigari vingi vya aina hii vina breki za ngoma kwenye magurudumu ya nyuma pekee. Viwango vya Marekani vya vigari vya gofu vinaishia maili 15 kwa saa, yaani takriban kilomita 24, na breki, usukani na bodi nyepesi vimetengenezwa kwa kuzingatia mwendo huo.

Betri Kwanza

Kabla ya kugusa kompyuta, naomba upime betri wakati zinafanya kazi. Betri ya volti 8 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 8.5, lakini kipimo hicho cha kupumzika hakikuambii kama itaweza kutoa ampea nyingi. Mwombe mtu aendeshe mlimani akiwa amekanyaga pedali hadi mwisho, na wewe usome multimita iliyofungwa kwenye betri moja baada ya nyingine kwa nyaya ndefu zilizobanwa vizuri. Unachotafuta ni ile inayoanguka kuliko wenzake. Zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo iliyo dhaifu huwarudisha nyuma wote, na kontrola ikiona volti zimeshuka kupita kiasi hupunguza nguvu yenyewe ili kujilinda.

Hesabu ni rahisi. Volti 48 kwa ampea 250 ni wati 12,000. Betri zikianguka hadi volti 40, ampea zile zile zinakupa wati 10,000, na tofauti hiyo huwezi kuirudisha kwa mpangilio wowote wa kontrola.

Pima pia kila kiungo cha waya wakati huo huo, pini moja upande huu wa kiungo na nyingine upande ule. Kiungo kizima kinakaribia sifuri. Kikionyesha sehemu kadhaa za kumi za volti, kuna kutu au nati imelegea, na mara nyingi utakikuta kimepata moto. Usiisahau solenoidi, yaani swichi kubwa ya umeme inayounganisha betri na kontrola, kwa kuwa ncha zake za ndani huungua polepole na kutoka nje inaonekana nzima.

Tafadhali zima swichi, weka ile inayoruhusu gari kuvutwa (Tow/Run) katika hali ya kuvutwa kabla ya kufungua waya wowote wa betri, na uvue pete na saa. Kapasita za kontrola hubaki na umeme hata baada ya betri kutenganishwa.

Mtunza Viwanja

Nawashukuru sana. Nimepima kama mlivyoelekeza. Mlimani betri tano zinabaki juu ya volti 7.5, lakini moja inaanguka hadi 6.3. Solenoidi iko sawa. Waya mmoja kati ya betri mbili ulikuwa na kijani kwenye kichwa chake na ulikuwa wa moto kuushika. Pedali nayo ina kipimo ndani yake kinachotoa omu (ukinzani wa umeme): ikikanyagwa hadi mwisho inasoma 4,100, wakati maelezo ya kontrola yanataka 5,000.

Betri Kwanza

Basi umepata mambo matatu kabla ya kufungua programu. Betri hiyo ibadilishwe, lakini kama zile tano zina umri mkubwa, mpya moja katikati yao haitadumu, kwa sababu itachajiwa na kutumiwa kwa kipimo cha zile zilizochoka. Ukibadilisha nyaya, nenda moja kwa moja kwenye milimita za mraba 35, maana zile nyembamba za milimita za mraba 13 zinazokuja na vigari vingi hazifai kwa ampea unazozitaka. Pedali inayosoma 4,100 inaiambia kontrola kwamba umekanyaga kiasi cha asilimia 82 tu, kwa hiyo rekebisha fimbo yake ya kuunganishia kabla ya kuhukumu kipimo chenyewe kuwa kimeharibika.

Ukifikiria kuhamia betri za lithiamu, volti zake hazianguki sana mlimani, lakini soma kwanza ampea ambazo saketi yake ya ulinzi inaruhusu. Ikiwa ndogo kuliko za kontrola, gari litazima katikati ya mlima.

Dereva wa Wageni

Naomba niongeze jambo kuhusu kiti cha nyuma, kwani ninaendesha vigari vya aina hiyo vikiwa na wazee na watoto. Abiria anayetazama nyuma hana kitu mbele yake. Gari likichapuka ghafla, yeye anabaki na gari linamwacha, na hapo huanguka kichwa kikitangulia. Kufupisha muda wa kuchapuka katika kigari chenye kiti hicho ni uamuzi ambao ningeufanya kwa woga mkubwa, na ningefunga mshipi na kishikio kwanza.

Fundi wa Mota

Ndugu Dereva wa Wageni amesema neno zito, na linaamua mpangilio wote. Ushauri wangu ni kwamba, baada ya betri, nyaya na pedali kuwa sawa, upandishe kikomo cha ampea kwa hatua ndogo, kila hatua ukipanda mlima ule ule na mzigo ule ule, kisha uguse nyumba ya mota kwa tahadhari. Ukiona huwezi kuweka mkono hata kidogo, rudi hatua moja. Muda wa kuchapuka uache ulivyo, au uurefushe kidogo, na mwitikio wa pedali uushushe ili mwanzo uwe laini, kwa maana nguvu ya mlima itapatikana pedali ikiwa chini kabisa. Kwa kuwa mota yako ni ya sumaku inayodhibitiwa peke yake, kontrola ikikuruhusu, ongeza umeme wa juu wa koili za sumaku. Hilo linaongeza mvuto katika mwendo wa chini kwa kuongeza ampea chache tu, na kama bado hautoshi, rudisha matairi ya inchi 18 kabla hujafikiria kununua mota kubwa.