Klabu ya watoto inataka kurusha roketi, tuanzie wapi na usalama wake ukoje?

MleziKihonda
Wakuu habari za jioni. Nalea klabu ya watoto hapa Morogoro, tunakutana Jumamosi mchana, umri ni miaka 9 mpaka 14. Tulikuwa na ngoma, mpira, bustani kidogo, sasa tangu mwezi uliopita wamekolea roketi. Tunatumia chupa za soda, maji ndani, kizibo cha mpira kilichotobolewa tukapitisha valvu ya tyubu ya baiskeli, tunapampu mpaka kizibo kinachomoka chenyewe na chupa inaondoka. Watoto wanafurahi mpaka basi, hata wale wasiofungua mdomo darasani utawasikia wanabishana maji yawe kiasi gani.

Shida ni mbili. Kwanza roketi ikishapanda kidogo inageuka, inaanza kupinduka hewani na kuangukia popote, juzi imetua kwenye bati la jirani na kelele zake mnazijua. Pili kuna kijana mkubwa anatusaidia, ameona video, anasema tuachane na maji tutengeneze injini kwa vichwa vya njiti za kiberiti au tupasue fataki tutoe baruti. Mimi roho inakataa ila yeye anasema huko nje watoto wanarusha roketi za moto kila siku. Ni kweli? Na hii ya kupinduka dawa yake nini? Naombeni mwongozo maana wazazi wameanza kuniuliza.

MwlFizikia_Mza
Mkuu hongera sana kwa kazi hiyo. Naanza na la kiberiti, jibu ni hapana na usilijadili tena mbele ya watoto. Kushindilia unga unaowaka ndani ya bomba ni kutengeneza bomu, haijalishi umeliita roketi, msuguano tu unatosha kuliwasha likiwa mkononi. Halafu baruti ina sheria yake ya vilipuzi, huwezi kujifanyia klabuni. Mwambie kijana kwa upole lakini akuelewe.

Kupinduka sasa. Roketi inakwenda sawa pale ambapo kitovu cha uzito kipo mbele, upande wa pua, na mahali upepo unapoisukuma pako nyuma. Chupa tupu yenye mapezi madogo ni kinyume chake, ndiyo maana maji yakishatoka tu inaanza kucheza. Fanya hivi na watoto, wataelewa kuliko ukiwaandikia ubaoni: chukueni boksi, mkate umbo la roketi yenu likiwa limelala ubavu, pua na mapezi yote, saizi ileile. Lile boksi lilaze juu ya rula mpaka litulie bila kuangukia upande, weka alama, hapo ndipo upepo unaposukuma kwa makadirio. Halafu roketi yenyewe bila maji ifanyie hivyohivyo. Alama ya uzito ikiwa nyuma ya alama ya boksi, hiyo roketi msiirushe. Ongezeni udongo wa mfinyanzi kwenye pua au mapezi yawe makubwa na yakae chini kabisa karibu na mdomo wa chupa, kazi yake ni ileile ya manyoya ya mshale.

Ukitaka kuhakikisha, funga uzi pale kwenye alama ya uzito, izungushe kichwani kwa kamba ndefu. Ikitangulia pua yenyewe iko tayari. Ikienda ubavu au kinyumenyume rudini mezani.

Maji jazeni kama theluthi ya chupa. Yakizidi, chupa inakuwa nzito na hewa inakosa nafasi, yakipungua yanaisha kabla haijapata mwendo. Mkuu waache wabishane hapo na wajaribu wenyewe, robo, theluthi, nusu, waandike kwenye daftari. Ndiyo fizikia yenyewe hiyo.

MamaWawili_Ohio
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba nijibu hilo la "huko nje watoto wanarusha za moto" maana mwanangu yupo kwenye klabu ya 4-H hapa Ohio, ni klabu za vijana za tangu 1902, zilianza na kilimo na mifugo lakini siku hizi na roketi zimo.

Ni kweli wanarusha, ila hakuna mtoto wala mzazi anayetengeneza injini. Inanunuliwa tayari kutoka kiwandani, ni kibomba cha karatasi ngumu chenye baruti iliyoshindiliwa na mashine, unatumia mara moja unatupa. Ina maandishi kama A8-3, herufi inaonyesha nguvu yote iliyomo na kila herufi inayofuata inafika mara mbili ya iliyotangulia, 8 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, 3 ni sekunde za kusubiri moto ukishaisha kabla ya kale kamlipuko kadogo kanakosukuma parachuti nje. Na haiwashwi kwa kiberiti kabisa! Ni waya na betri, mtoto anakaa mita 5 au zaidi, kuna ufunguo wa usalama anaushika mtu mmoja tu, wanahesabu kwa sauti ndipo anabonyeza. Isipowaka, ufunguo unatolewa na hakuna anayesogea mpaka dakika moja ipite. Upepo ukiwa mkali wanarudi nyumbani hata kama watoto wanalia.

Na huu utaratibu una historia, kaka MleziKihonda mweleze huyo kijana. Baada ya Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Wasovieti, kupaa Oktoba 1957 watoto wengi Marekani waliingia kujitengenezea roketi za mabomba ya chuma na unga wa kuchanganya wenyewe, waliungua na wengine wakapoteza vidole. Bahati nzuri kulikuwa na Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk kule Nebraska aliyekuwa pia mtu wa fataki, tangu 1954 yeye na ndugu yake Robert walikuwa wameshabuni roketi ndogo ya karatasi na mbao laini yenye injini ya kubadilisha. Hiyo ndiyo iliyookoa mambo, watoto wakapata cha kurusha bila kuchanganya baruti. Kwa hiyo anachotaka kukianza huyo kijana wenzake walishakipitia na kiliwaumiza.

Bahari_Malindi
Salaam. Mimi niko Malindi, napenda kuongeza kitu kimoja, waambieni watoto kwamba roketi si jambo la ng'ambo pekee. Pale Ngomeni, kaskazini kidogo mwa Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco baharini, roketi zikipaa kutoka hapo kwenda anga za juu kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota, wakaipa jina Uhuru. Walichagua huku kwa kuwa ni karibu na ikweta, dunia ikizunguka inaipa roketi mwendo wa bure. Watoto wa pwani nikiwaeleza hili wananyamaza kabisa, halafu maswali hayaishi.

La usalama nami nina neno. Tumieni chupa za soda tu, zile za maji ya kunywa ni nyembamba hazikuundwa kubeba presha. Msizikwaruze kwa msasa, msibandike mapezi kwa gundi ya moto, plastiki inalegea. Solotepu inatosha. Chupa iliyoanguka ikapata mkunjo itupwe hata kama imepambwa vizuri namna gani. Na tafuteni pampu yenye geji, msipite psi 60 (hicho ndicho kipimo cha presha kwenye geji).

MleziKihonda
Asanteni sana jamani, nimeprinti majibu yote. Kijana nimeongea naye leo, amesoma habari za hao watoto wa Marekani kimya kimya, mwisho akasema basi apewe kazi ya geji na kuhesabu, nimempa. Jumamosi tunahamia uwanja wa mpira tuachane na mabati ya watu, na kamba ya kuzuia watoto itakuwa mita 10. Swali la mwisho: wanataka kujua imepaa mita ngapi, napimaje bila vifaa?

MwlFizikia_Mza
Kipimapembe cha kwenye mkebe kinatosha mkuu. Funga uzi katikati yake, mwisho wa uzi ning'iniza nati. Mtoto asimame mita 40 kutoka inaporushiwa, aangalie roketi kwa kufuata ukingo ulionyooka mpaka ifike kilele, mwenzake abane uzi na kusoma. Toa hiyo namba kwenye 90. Ukipata 45 imefika mita 40 juu ya jicho lake, ukipata 30 ni kama 23. Weka watoto wawili pande mbili tofauti mchukue wastani, maana upepo huwa unaisogeza. Wakubwa wa miaka 13, 14 wape jedwali la tanjenti wapige wenyewe.