Kwa nini shaba ilitangulia chuma?

fundi_mdadisi: Wakuu, mawe ya chuma yamejaa kila kona kuliko ya shaba, sasa ilikuaje watu wa kale wakaanza na shaba?

mvukuto: Moto mkuu. Shaba inayeyuka nyuzi 1085, chuma 1538, tanuri zao hazikufika huko. Halafu ukichanganya shaba na bati (sio la kuezekea hahaha) unapata bronzi, ngumu zaidi na inamiminika fresh kwenye kalibu

fundi_mdadisi: Sasa chuma walikipataje?

mvukuto: Hakikuyeyuka, kilitoka bonge kama sponji limejaa takataka, unaligonga likiwa jekundu mpaka uchafu unaruka na cheche, kazi ya mgongo hiyo. Chuma cha pua (steel) cha bei chee ni juzi tu, kwa njia ya mvumbuzi Mwingereza Bessemer, 1856

nyundo2: Ila jambia la Tutankhamun, yule farao wa Misri ya kale, ni chuma cha kimondo, kilidondoka toka juu

fundi_mdadisi: Duh!